Kukatika, Kupukutika, Kunyonyoka: Tuyajue Maradhi ya Nywele Kabla ya Kuyafunika



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Bwana Mtume Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo, wasomaji wetu watukufu, wiki hii tumeona tuzungumze juu ya jambo ambalo mama zetu na dada zetu wengi hulilia faraghani lakini hawalitaji mbele za watu, nalo ni nywele zinazotoka kichwani.

Huenda mtu akasema kwamba nywele ni jambo dogo, na mwanamke wa Kiislamu amezisitiri, basi zikitoka nani ataziona? Kauli hii si ya haki. Mtume (s.a.w.) alimhimiza kila mwenye nywele azikirimu, yaani azitunze, wala hakusema hivyo kwa wanaume peke yao. Shungi tumelivaa ili tujisitiri na wasiokuwa maharimu wetu. Hatukulivaa ili tuyafiche maradhi tusiyaone sisi wenyewe, wala tabibu asiyaone. Na wazee wetu walikwisha kusema kuwa mficha maradhi kilio humfichua.

Kiswahili chetu kimetupa maneno matatu ambayo tukiyapambanua tutakuwa tumefika nusu ya njia. Nywele hukatika, nywele hupukutika, na nywele hunyonyoka. Twayatumia kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali kila moja lina sababu yake na dawa yake.

Kukatika

Nywele iliyokatika haikutoka na shina lake. Ukiiokota utaona ni kipande kifupi kisicho na kijidoa cheupe kwenye ncha. Hapa shina ni zima. Kilichoharibika ni uzi wenyewe, na mara nyingi ulioharibu ni mkono wetu: dawa kali za kunyoosha nywele zinazotiwa mara kwa mara, pasi ya moto, kuchana nywele kavu kwa nguvu, na kuzifunga fundo zikiwa bado mbichi baada ya josho na kuvaa mtandio juu yake.

Tiba yake ni kuacha kinachokata. Anayetia dawa ya kunyoosha asirudie kabla ya wiki 8 kupita, na aipake kwenye nywele mpya zilizoota tu, wala asiitie ikiwa kichwa kina mchubuko au kidonda. Watoto wasitiwe kabisa. Mafuta ya nazi, ambayo bibi zetu waliyakamua kwa mikono yao, yana faida ya kweli hapa, kwa sababu huingia ndani ya uzi wa nywele na kuupunguzia kuvunjika. Lakini tusiyapachike sifa isiyokuwa yao, kwani hayaoteshi nywele pale ambapo shina limekufa.

Kupukutika

Nywele zinazopukutika hutoka na mashina yake, kichwa kizima, bila ya kuacha mahali peupe. Kichwa cha mwanadamu kina nywele zipatazo laki moja, na kutoka nywele 50 hadi 100 kwa siku ni desturi ya maumbile. Kila nywele hukua kwa miaka kadhaa, kisha hupumzika kwa muda wa miezi 3 hivi, halafu huanguka na nyingine kuchukua nafasi yake. Mwili ukipatwa na mshtuko mkubwa, nywele nyingi huingia katika mapumziko kwa pamoja, na baada ya miezi 2 au 3 huanguka kwa pamoja. Kwa hiyo anayepukutika leo asitafute sababu katika mambo ya jana. Na ahesabu miezi 3 nyuma, ajiulize: nilizaa? Nilishikwa na homa kali? Nilipasuliwa? Nilifiwa? Au nilijinyima chakula ili nipungue kabla ya harusi, na sasa ni bibi harusi ambaye nywele zinajaa kwenye kitana?

Mama aliyejifungua ndiye anayeshtuka zaidi. Wakati wa mimba nywele zake zilikuwa nyingi na nzuri, kwa kuwa homoni za mimba ziliziweka zisianguke. Mtoto anapofika miezi 3 au 4, zile zilizozuiliwa huanguka zote kwa mkupuo. Hapo ndipo yanapoanza maneno: ametupiwa jicho na waliokuja kumtazama mzazi, au fulani amechukua nywele zake akaenda nazo kwa mganga. Udugu wa miaka mingi umevunjika kwa dhana ya namna hii.

Enyi ndugu, jicho ni haki, nasi twaliamini kwa kuwa Mtume (s.a.w.) ametufundisha hivyo. Lakini kuliamini jicho ni jambo moja, na kumtuhumu Muislamu mwenzako bila ya ushahidi ni jambo jingine, nalo ni dhambi. Kupukutika kwa mzazi kuna wakati wake unaojulikana, na kwa wanawake walio wengi nywele hurudi mtoto anapokaribia kutimiza mwaka. Jisomee Kur'ani na nyiradi zako za asubuhi na jioni, na jirani yako mwachie heshima yake.

Iwapo nywele zinaendelea kupukutika kupita miezi 6, basi itazamwe damu. Mwanamke anayetokwa na hedhi nyingi, au aliyezaa mfululizo bila ya kupumzika, huweza kuishiwa na madini ya chuma hata kabla ya kuonekana kuwa amepungukiwa na damu. Tezi ya shingoni nayo ikifanya kazi kupita kiasi au ikizembea, nywele hutoka. Yote mawili hujulikana kwa kipimo cha damu hospitalini, na yote yana dawa.

Katika chakula tusiende mbali. Samaki, maini, mayai, kunde, pojo, maharagwe na mchicha vipo sokoni. Kamulieni ndimu juu ya mboga, kwani husaidia mwili kuchukua chuma. Na chai, ambayo sisi watu wa pwani hatuwezi kuiacha, isinywewe pamoja na chakula, bali ingojewe muda wa saa moja hivi, kwa sababu huzuia chuma kisichukuliwe na mwili.

Kunyonyoka

Neno hili la tatu nalitumia kwa nywele zinazotoka mahali maalumu na kuacha upara. Hapa ndipo penye haraka, kwa kuwa baadhi ya aina zake zikichelewa hazirudi tena.

Ya kwanza ni ya pembezoni mwa uso na kwenye panja. Sababu yake ni kuvutwa: matuta yaliyokazwa, rasta nzito, nywele za kushonea, na fundo linalofungwa mahali pamoja kila siku chini ya mtandio. Si ugonjwa wa taifa moja. Madaktari waliuandika mwaka 1907 kwa wanawake wa Greenland, nchi ya barafu, waliokuwa wakifunga nywele zao kwa kuzikaza. Dalili zake huanza mapema: kichwa kuuma usiku baada ya kusukwa, vipele vidogo kwenye mstari wa nywele, kisha nywele fupi nyembamba zilizosalia mbele kama ushungi wa kitambaa. Ukiacha kuvuta katika hatua hii, nywele hurejea kwa muda wa miezi. Ukiendelea kwa miaka, shina hufa, ngozi huwa laini na hung'aa, na hapo hapana mafuta wala dawa ya kupaka itakayolirudisha. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta huu haujengeki.

Kusuka si haramu wala si aibu. Mama wa Waumini Ummu Salama (r.a.) alikuwa akisuka nywele zake na kuzikaza, na alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama azifumue kwa ajili ya josho la janaba, akaambiwa kuwa yatosha amwagie maji kichwani mara tatu. Ninachokisema ni kuwa msusi aambiwe alegeze, hasa mbele na kwenye panja. Msuko ukiuma, ufumuliwe siku hiyo hiyo. Usikae zaidi ya wiki 6 hadi 8, na baada ya kufumua kichwa kipumzishwe. Na dawa ya kunyoosha isichanganywe na msuko wa kukaza, kwani uzi uliodhoofishwa hauna nguvu ya kuhimili mvuto.

Nawausia hasa kina mama wenye mabinti wadogo. Mkesha wa Idi mtoto wa miaka 5 hukalishwa chini, akasukwa huku analia, na akiambiwa avumilie. Kilio chake ndicho dalili yenyewe. Mtoto ni amana, na nywele zake ni katika amana hiyo.

Ya pili ni mapunye, ambayo wengine huyaita mashilingi. Haya huwapata watoto zaidi: mabaka ya duara yenye magamba, na nywele zilizokatika zikabaki kama nukta nyeusi. Ni kuvu, nayo huambukiza kwa kofia, vitana, mito na mashine za kinyozi. Chuoni kwetu watoto hubadilishana kofia kama wanavyobadilishana kalamu. Marhamu peke yake hayatoshi, kwa kuwa kuvu imeingia ndani ya nywele. Dawa yake ni vidonge vinavyotolewa na daktari na humezwa kwa wiki kadhaa, kwa kawaida 6 au zaidi. Kila mtoto awe na kofia yake na kitana chake, na ndugu zake watazamwe pia.

Ya tatu ni baka la duara lililo laini, lisilo na magamba wala maumivu, linalozuka ghafla mfano wa sarafu. Hili si kuvu wala haliambukizi. Ni kinga ya mwili inayoyashambulia mashina ya nywele kwa makosa. Mara nyingi nywele hurudi zenyewe, lakini likienea, daktari ana tiba.

Ya nne huanza utosini kwa wanawake watu wazima, ikaenea kama duara, pengine pamoja na kuwasha au kuungua. Aina hii huacha kovu, basi asiyepoteza wakati ndiye atakayeokoa nywele zilizosalia.

Na iko ile ya kurithi, inayowapa wanaume upara, na kwa wanawake huonekana kwa njia ya kitana kupanuka katikati ya kichwa. Iko dawa ya kupaka iitwayo minoxidil ambayo huwasaidia baadhi ya watu, lakini hutaka subira ya miezi, na ukiiacha faida yake huondoka. Mwenye mimba na mwenye kunyonyesha asiitumie bila ya kauli ya daktari.

Jambo la buibui na mtandio limeulizwa sana: je, kujifunika huleta upara? Hapana. Shina la nywele hulishwa na damu, halivuti pumzi kutoka hewani. Lakini kofia ya ndani inayobana, jasho la joto letu lisilooshwa, na nywele mbichi zilizofungwa siku kutwa, hayo huleta mba, mwasho na kukatika. Chagueni kitambaa chepesi cha pamba, na mkifika nyumbani fungueni nywele zipate kukauka.

Mwisho ni neno juu ya wauzaji. Nywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi. Kwa hiyo anayekuahidi urefu wa kiganja kwa wiki mbili, hesabu yenyewe inamkadhibisha. Na piko, ambayo wengine huiita hina nyeusi, si hina. Ni rangi kali inayoweza kuunguza ngozi ya kichwa na kuvimbisha uso. Hina ni ile ya majani.

Tunasoma katika hadithi sahihi, iliyopokewa na Asmaa binti Abubakar (r.a.), kwamba mwanamke mmoja alimwendea Mtume (s.a.w.) kwa ajili ya binti yake aliyekuwa bibi harusi. Binti huyo alipata surua, na nywele zake zikatoka. Mama akauliza kama amuunganishie nywele nyingine, na Mtume (s.a.w.) akakataza kwa ukali. Wanavyuoni wana maelezo marefu juu ya nyuzi na mfano wake, na hayo tutayaacha kwa siku nyingine. Ninalotaka tulione leo ni kwamba lililokatazwa ni kuunganisha, wala si kujitibu. Mtume (s.a.w.) ndiye aliyewaamrisha watu wajitibu. Na nywele zilizoanguka kwa homa ni katika zile ambazo kwa kawaida huota tena baada ya miezi.

Kwa hiyo, dada yangu, usione haya. Kumfunulia kichwa tabibu kwa haja ya matibabu kunaruhusiwa, na akipatikana tabibu mwanamke ndiye bora. Nenda mapema, na umweleze ulichozaa, ulichokula na ulivyosuka.

Nawe, mume, mkeo akipukutika baada ya kukuzalia mtoto, ujue kuwa nywele hizo ni sehemu ya gharama aliyoilipa. Usimtajie wanawake wengine, wala usimfanyie mzaha mbele ya jamaa. Mnunulie samaki na maini, mshikie mtoto apate kulala, na mfuate hospitalini. Huo ndio wema tulioamrishwa kuishi nao.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na azijaalie nyumba zetu kuwa na mapenzi na huruma. Amin. Wabillahi tawfiq.