Matengenezo ya Zana: Kila Ngazi Ibebe Kazi Yake

Atokaye Kahama kwa barabara kwenda Bukoba hupita Lusahunga na mji wa Biharamulo. Akielekea magharibi badala yake, huifuata njia ya Ngara mpaka daraja la Rusumo, mpakani mwa Rwanda. Hiyo ni nchi inayopima gari kikatili. Vilima vya Ngara hula breki, vumbi la kiangazi huziba machujio ya hewa, na masika yakiwadia matope hukamata magurudumu mpaka ekseli. Fundi mwenye zana kamili huwa mbali, na kipuri kilichoagizwa hakifiki siku hiyo.

Kwa sababu hiyo, swali la nani anawajibika kutengeneza nini si la kuachiwa makarani.

Ikumbukwe hali ya mwishoni mwa 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovamia ardhi ya Tanzania kaskazini ya mto Kagera. Mkoa ulikuwa bado ukiitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera lilikuja 1979. Ililazimu Jeshi la Wananchi lisafirishwe kutoka pembe zote za nchi kwa reli, kwa meli na kwa barabara. Malori na mabasi ya mashirika ya umma na ya watu binafsi yakachukuliwa kusaidia. Ni kweli kwamba askari wengi walitembea kwa miguu mpaka Kampala, iliyotekwa tarehe 11 Aprili 1979. Lakini mizinga, risasi na chakula havina miguu. Gari likilala njiani kwa kukosa maji ya rejeta, kikosi kilicho mbele hulala na njaa.

Majeshi mengi ulimwenguni hugawa matengenezo kwa ngazi. Dereva na wenzake wa chombo hupima oili na maji, hukagua matairi na deli, hukaza nati na kusafisha. Fundi wa kikosi hubadili machujio, mikanda ya feni na vitambaa vya breki. Karakana ya nyuma yake hushusha injini na giaboksi. Karakana kuu hufumua chombo kizima na kukijenga upya. Idadi ya ngazi hutofautiana. Marekani yenyewe, katika miaka ya 2000, ilizipunguza kutoka nne hadi mbili. La muhimu ni kwamba kila kazi iwe na mwenyewe.

Madhara huja ngazi zinapoingiliana. Dereva mwenye bidii asiyekuwa na mafunzo hufungua pampu ya dizeli porini, akaharibu kilichokuwa kimeharibika kidogo. Huo ni ubaya mmoja, nao huonekana upesi. Ubaya wa pili ni wa kimyakimya, na pengine gharama yake ni kubwa zaidi: gari linavutwa mamia ya kilomita hadi karakana ya mbali kwa ajili ya mkanda wa feni, kwa kuwa fundi wa kikosi amepewa wajibu pasipo kupewa kipuri wala kibali. Mtu huyo hawezi kulaumiwa kwa uzembe. Aliyempangia kazi na kumnyima nyenzo ndiye mwenye kujibu.

Waingereza walilitambua jambo hili katikati ya Vita Kuu ya Pili. Kazi za ufundi zilikuwa zimetawanyika katika idara kadhaa za jeshi lao, kila moja na mafundi wake. Oktoba 1942 wakaunda idara moja ya wahandisi wa umeme na mitambo. Afrika Mashariki nayo ikawa na idara yake ya namna hiyo, na vijana wa nchi hizi wakajifunza ufundi humo.

Mpaka wa Ngara hautoi notisi. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi zaidi ya 200,000 walivuka Rusumo katika muda wa saa 24 hivi. Kwa miaka mingi baadaye, mabasi yalipita misitu ya Biharamulo na Ngara yakisindikizwa na askari wenye silaha. Katika safari ya namna hiyo, gari la askari lisilowaka asubuhi huwaacha abiria wakisubiri kituoni, au wakiondoka bila ulinzi.

Yafaa basi vipuri vidogo vinavyochakaa haraka viwekwe karibu na wanaovihitaji, wala visirundikwe kwenye ghala la mbali. Yafaa pia dereva apewe muda wa kukagua chombo chake kila siku, muda huo uhesabiwe kuwa kazi, na mkuu wake akague kama anavyokagua bunduki.

Limebaki moja ambalo wakubwa hawalipendi. Fundi wa kikosi, hata akiwa koplo, awe na mamlaka ya kulizuia gari lenye breki mbovu lisiteremke vilima vya Ngara, ijapokuwa afisa mwenye haraka amekwisha kaa kitini. Amri hiyo itolewe kwa maandishi, na afisa akitaka kuipinga, naye aandike jina lake katika kitabu cha gari.