Mkeka Uliochanika Timboroa

Kwetu pwani mkeka ni kitu cha heshima. Mgeni hutandikiwa, mtoto wa chuoni huukalia akisoma alifu yake, na maiti wetu hulazwa juu yake akingoja kuoshwa. Siku hizi neno hilo limepata maana nyingine. Vijana wetu, kwa kuwafuata wenzao wa Tanzania, wauita mkeka ule utabiri wa mechi kadhaa uliofungwa pamoja na kuwekewa dau. Mechi moja ikienda kombo, mkeka wote umechanika. Sina ugomvi na maneno kusafiri, maana lugha yetu hii imekua kwa kusafiri. Ugomvi wangu ni na mzigo uliopakiwa ndani ya neno hili.

Ijumaa ya tarehe 22 Agosti 2025 niliisikia mikeka ikichanika mbali sana na bahari, huko Timboroa, katika njia ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret. Nilikuwa mgeni wa jamaa yangu mmoja anunuaye viazi vya kupeleka Mombasa. Asiyepajua Timboroa na ajue kwamba stesheni yake ya reli iko juu futi 9,001, na baridi ya hapo humkumbusha mtu wa pwani dhambi zake zote. Jioni hiyo tuliingia katika kibanda cha chai chenye televisheni, tukakuta watu wamejaa hata mlangoni. Kenya ilikuwa ikicheza na Madagascar, Bukini ya babu zetu, katika robo fainali ya CHAN uwanjani Kasarani.

Kenya ikatangulia kufunga. Madagascar ikarudisha kwa penalti. Ikawa 1-1 hata muda wa ziada ukesha, kisha tukashindwa 4-3 kwa mikwaju. Kilio nilikitazamia. Kilichonishangaza ni kwamba watu wale hawakulia pamoja.

Mmoja alikuwa ameweka dau kwamba mechi itakuwa sare. Kwa kuwa dau la kawaida huhesabiwa kwa dakika 90 na zile za majeruhi tu, fedha zake zilikwisha kuingia zamani, naye alikuwa akiwanunulia wenzake mandazi. Wa pili aliweka Kenya kushinda. Mkeka wake ulichanika hata kabla ya muda wa ziada, na mikwaju yenyewe aliitazama kama mtu atazamaye mvua ya mji mwingine. Wa tatu alichukua Madagascar iliyotangulizwa bao moja. Huyu alipata, akainamisha kichwa asionekane akicheka. Mama mwenye kibanda, ambaye hakuweka hata senti moja, ndiye peke yake aliyekuwa na msiba wa Kenya.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Ati kampuni ilijua! Ati mbona Kenya ilipewa bei ndogo, kama si kuahidiwa kushinda? Na huko kutanguliza, wanakokuita handikapu, ni mchezo tuujuao tangu utotoni: mwenye mbio alimwambia mdogo wake, nakupa mbele hatua kumi. Ila sisi tulikimbia wenyewe. Hawa humtanguliza mtu wasiyemjua mbele ya mtu wasiyemjua. Katika makundi Kenya iliwashinda Congo, Morocco na Zambia, na kila mmoja kwa 1-0. Aliyekuwa ameweka kwamba Kenya itazidi kwa mabao mawili alipoteza mara tatu katika ushindi mara tatu. Kijana mmoja, mbeba magunia, akanitazama akaniambia, "Mzee, Kenya ilinila hata iliposhinda."

Maneno hayo sijayasahau. Zamani timu ikishindwa tulikuwa na kitu cha kugawana. Tulimlaumu kipa, tukamsamehe, tukarudi nyumbani tumeshikana mabega. Sasa kila mtu ana mechi yake mfukoni, na furaha ya jirani yaweza kuwa hasara yangu ingawa sote tumevaa jezi moja.

Na ile bei si utabiri wala si ahadi. Ni bei ya duka. Timu mbili zikiwa sawasawa, haki ni kulipwa mara mbili ya dau, lakini mwenye duka huandika, tuseme, 1.90. Wewe ukiweka shilingi 100 huku na mwenzio akaweka 100 kule, mshindi hupewa 190, na 10 hubaki dukani, ashinde nani, ashindwe nani. Mkeka wa mechi tano za namna hiyo, kwa wastani, hurudisha kama shilingi 77 katika kila 100. Zile 23 zimekwenda kabla ya filimbi kupulizwa.

Yuko kijana wa kwetu aliyenitolea hoja ya Surat Rum. Warumi walishindwa na Waajemi, Makureshi wakafurahi, ndipo ikashuka habari kwamba watashinda katika miaka michache. Wafasiri wahadithia kwamba Abubakar, radhi za Mungu ziwe juu yake, aliwekeana ngamia na Ubayy bin Khalaf juu ya jambo hilo, akaweka muda mfupi, na Mtume (s.a.w.) akamwambia auongeze, kwani neno lililotumika hufika hata miaka tisa. Hadithi ni hiyo, lakini kijana aliondoka darasani mapema. Hayo yalikuwa kabla kamari haijaharimishwa. Surat Maida ilikuja baadaye ikafunga mlango. Tena Abubakar aliegemea ahadi ya Mola wake, hakuegemea bei ya mwenye duka. Wanavyuoni waliruhusu zawadi katika mashindano ya farasi, ngamia na mishale, na zawadi hiyo ni ya mwenye kushindana. Nyanda hizi za Eldoret zimelea wakimbiaji wanaokula kwa miguu yao wenyewe.

Serikali ya Kenya si kwamba haioni. Mwaka 2019 ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27. Aprili 2025 matangazo ya kamari yalisimamishwa kwa siku 30, na mwanzoni mwa Agosti mwaka huo huo Rais alitia saini sheria mpya ya kudhibiti kamari. Mimi ningependa kila tiketi, ya karatasi au ya simu, iandikwe waziwazi fungu la mwenye duka, kama sukari iandikwavyo uzito wake. Na makhatibu wetu nawaomba jambo moja. Kijana wa Majengo au Kisauni ajua vyema kwamba kamari ni haramu, na huicheza vivyo hivyo, akitoka msikitini. Hesabu ya zile shilingi 77 hakuna aliyemfundisha. Na afundishwe juu ya mimbari, Ijumaa, kwa tarakimu.

Yule wa sare, kabla sijaondoka kibandani, alikwisha kuzihamisha fedha zake zote kwa Tanzania, iliyocheza na Morocco Dar es Salaam usiku ule ule. Morocco ilishinda 1-0.