Manjano Sio Pesa ya Haraka, Wasee

Wasee, tuseme ukweli. Kila wiki napata video mpya: "Panda manjano, eka moja tu, utakuwa milionea." Sawa. Lakini ni nani ameonyesha vile mbegu inachaguliwa?

Mjomba wangu kule Runyenjes aliamini hizo video. Akanunua mbegu, akapanda kwa shamba tambarare vile sisi hupanda mahindi. Mvua ikapiga, maji yakatuama, vipande vikaoza huko chini. Sasa kijiji kizima kinasema ati manjano haifai Embu.

Mimi nasema shida haikuwa Embu. Mjomba aliuziwa ndoto bila maelezo.

Na maelezo yenyewe si mengi. Chagua vipande vizima, visivyo na ugonjwa, kila kimoja kiwe na jicho moja au mawili. Inua matuta ndio maji yatoke. Manjano hukaa shambani miezi 7 hadi 9, na mvua yetu ni ya misimu miwili, so lazima ivuke kiangazi. Funika udongo na nyasi kavu, na uwe na maji ya kunyunyizia. Vuna majani yakikauka. Halafu chemsha, kausha kwa jua. Hapo ndio watu hushtuka: kilo 5 mbichi hutoa kama kilo 1 kavu. Piga hesabu na hiyo moja, usipige na zile tano.

Kwani kuna haraka gani? Meru na Embu tunajua uchungu wa kutegemea kitu kimoja. 2014 Uingereza ilipiga miraa marufuku. Mei 2024 Mombasa na Kilifi zikapiga muguka marufuku. Mara zote mbili ni wakulima wetu walibaki wakikuna kichwa. Zao la pili linaweza kuokoa familia, lakini likipandwa kwa kubahatisha, ni hasara ya pili.

Mkulima wetu si mvivu, na si mjinga. Habari ndio haimfikii, na sisi wenye bando tunapiga tu picha za maziwa ya manjano kwa kikombe.

So ukienda ushago, usibebe mkate na sukari peke yake. Keti na shosho, mwambie kuhusu matuta, muanze na kamstari kamoja nyuma ya nyumba. Ikikubali, ongezeni. Ikikataa, hamjauza ng'ombe.

Wewe kwenu mmejaribu? Ilioza ama ilikubali? Niambie hapo chini.