Mgonjwa Anataka Kujua Bei Kabla ya Sindano

Uliza watu kwa nini wanapenda hospitali fulani. Watakutajia daktari mzuri, foleni fupi, wauguzi wenye heshima. Yote ni kweli. Lakini kwa maoni yangu, kitu ambacho Mkenya wa kawaida anathamini zaidi ni kujua atalipa pesa ngapi kabla hajaanza kutibiwa.

Angalia kemisti ya mtaani. Mbona watu wanaanzia huko hata wakiwa na homa ya siku tatu? Pale unauliza, "Hii ni ngapi?", unajibiwa papo hapo, unaamua. Pesa isipotosha, unanunua kiasi. Hospitalini unalipa ya kumwona daktari, unatumwa maabara, unalipa tena, unaambiwa kuna picha ya kupigwa, halafu dawa. Kila dirisha lina bei yake na hakuna aliyekutajia jumla.

Hofu hiyo inaumiza watu. Nusu dozi ya antibiotiki inaweza kuacha ugonjwa palepale na kuwapa bakteria nafasi ya kuizoea dawa. Nimonia ikicheleweshwa, bili inakuja kuwa kubwa kuliko ile uliyoikimbia.

Kuna watakaosema daktari hawezi kujua gharama yote kabla hajapima. Sawa, lakini bei ya kila hatua inaweza kutajwa kabla ya hatua yenyewe. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu huduma anazonunua. Kwa hivyo usione haya kuuliza.

Sisi wa malipo ya simu tunapenda kusema tumerahisisha mambo. Ukweli ni kwamba bili usiyoitarajia, hata ukiilipa kwa sekunde kumi, bado inakuvurugia mwezi mzima. Kwa hivyo kabla ya kuweka PIN:

- Uliza mapokezi bei ya kumwona daktari, na kabla ya kila kipimo uliza bei yake.
- Uliza SHA inalipia nini hapo na wewe utaongeza ngapi.
- Lipa kwa Paybill au Till ya hospitali, na uhakikishe jina. Usitume kwa namba ya mtu binafsi.
- Hifadhi ujumbe wa malipo na uombe risiti yenye mchanganuo.

Ikiwa ni dharura, tibiwa kwanza. Kifungu cha 43 kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura.

Na kwenu wenye hospitali na kliniki: nimesomea masoko, na sijaona tangazo la bei nafuu kuliko karatasi ya bei iliyobandikwa pale mapokezi. Mgonjwa aliyelipa alichoambiwa atarudi, tena atakuja na mama yake.