Macho Makavu, na Vitu Tuvitiavyo Machoni

Mwezi huu twapenda kuzungumza na jamaa zetu wasomaji juu ya maradhi ambayo watu wengi huyadharau, kwa kuwa hayamlazi mtu kitandani wala hayamkoseshi chakula. Maradhi hayo ni ukavu wa macho. Aliye nayo huhisi kana kwamba mchanga umeingia ndani ya kope zake. Jicho humchoma na kumwasha, huwa jekundu ifikapo alasiri, na maandishi humpotea kidogo kisha humrudia apepesapo macho. Sisi walimu wa vyuo, ambao kazi yetu ni kutazama herufi tangu asubuhi hata usiku, twayajua vizuri. Na wenzetu wengi waliokwisha kupita miaka 50 hulalamika nayo.

Jambo la kwanza linalowashangaza watu ni kuwa jicho lenye kutoka machozi kila saa huweza kuwa ndilo jicho kavu. Machozi si maji matupu. Penye kugusana na jicho pana ute. Juu ya ute pana maji yenye chumvi na vitu vya kuua vijidudu. Na juu ya maji pana utando mwembamba sana wa mafuta, ambao kazi yake ni kuyazuia maji yale yasikaushwe na upepo. Mafuta hayo hutoka katika vijitezi vilivyopangwa ndani ya kope, na matundu yake yamo ukingoni mwa kope, nyuma ya nywele zake. Tabibu wa Kijerumani aitwaye Heinrich Meibom alivieleza katika mwaka 1666, na hata leo matabibu huviita kwa jina lake. Vikiziba vijitezi hivyo, mafuta hupungua, maji hukauka upesi, na jicho likisha kudhurika hujitetea kwa kumwaga machozi mengi ya ghafla ambayo hayakai. Ndiyo maana utamwona mtu anajifuta kwa leso kutwa, nawe ukimwambia kuwa macho yake ni makavu atakucheka.

Basi ikiwa asili ya taabu aghalabu imo katika kope, hapana haja ya kukimbilia kutia kitu ndani ya jicho. Dawa ya kwanza ni kitambaa safi na maji ya moto. Maji yawe ya moto wa kustahimilika: yajaribu kwa ndani ya kifundo cha mkono, kama mama ajaribuvyo maziwa ya mtoto. Kichovye kitambaa, kikamue, fumba macho, kiweke juu ya kope kwa muda wa dakika 5 hata 10, na kila kikipoa kichovye tena, kwani joto likikatika mafuta hayayeyuki. Kisha zisugue kope taratibu kwa ncha ya kidole, ya juu ukiishusha na ya chini ukiipandisha, bila ya kulibonyeza jicho lenyewe. Mwisho upanguse ukingo wa kope kwa pamba iliyochovywa katika maji yaliyochemshwa yakapoa, jicho hili kwa pamba yake na jicho lile kwa pamba yake. Fanya hivyo asubuhi na usiku. Usitazamie nafuu ya siku moja, kwani kope zilizoziba kwa miezi hazizibuki kwa siku mbili. Ngoja wiki tatu au nne. Na kila mtu nyumbani awe na kitambaa chake, maana macho mekundu ya kuambukiza hupita nyumba nzima kwa taulo moja.

Dawa ya pili haina gharama yo yote, nayo ni kupepesa macho. Mtu aliyekaa akizungumza na mwenzake hupepesa kiasi cha mara 15 kwa dakika. Akisoma, na khasa akiitumbulia macho simu, hesabu hiyo hushuka ikawa nusu au chini yake, na tena kope hazikutani sawasawa. Kila mara moja iliyokosekana ni mafuta yasiyopakwa juu ya jicho. Vijana wetu wanaolala na simu usoni hata saa sita za usiku na kuamka na macho yanayochoma hawahitaji dawa ya duka. Wahitaji kuiweka simu chini. Kila baada ya dakika 20 mtu atazame kitu kilicho mbali, kama hatua nane hivi, kwa sekunde 20, afumbe macho yake barabara mara kadha, kisha aendelee. Na hapa twaweza kusema kuwa wazee wetu waliousomea msahafu juu ya marufaa, kitabu kikiwa chini na macho yakiinama, walikaa mkao mwema kuliko yule anayetazama kioo kilicho juu ya uso wake, kwani jicho linaloinama hufunikwa zaidi na kope, na jicho linalotazama juu huwa wazi lote kwa upepo.

Feni isielekezwe usoni, wala upepo wa kiyoyozi garini. Mwenye kuendesha bodaboda avae miwani yenye kukinga pande zote. Ama mama zetu wanaopika kwa kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha, moshi ule hudhuru macho na kifua pamoja, na anayeweza kutoboa tundu la kutokea moshi asingoje mpaka nyumba nzima ijengwe upya.

Sasa tuje kwenye jambo linalotusikitisha. Katika nyumba zetu mwenye kuumwa macho hupewa kila kitu: marashi, asali, maziwa ya mama anyonyeshaye, maji ya kitunguu, mafuta ya habbat soda, majani yaliyotwangwa, na wengine, tutake radhi, mkojo. Kila moja lina mtu wa kulishuhudia kuwa alilitumia akapona. Lakini kioo cha mbele cha jicho hakina mishipa ya damu, na kijidudu cho chote kikipata mchubuko mdogo juu yake huweza kufanya kidonda. Na kidonda kikipona huacha kovu jeupe, nalo likiwa mbele ya mboni ni upofu. Marashi hutengenezwa kwa ajili ya kunukia, na kitu kinachonukia huzidi kulichoma jicho lililokauka. Asali ina heshima yake, wala hatumkatazi mtu kuila; illa ile asali inayotakaswa na wataalamu kwa ajili ya macho si sawa na asali ya chupa ya sokoni. Maziwa ya mama ni chakula cha tumbo la mtoto.

Wanja unataka maneno yake peke yake, kwa kuwa wengi huutia kwa nia ya kufuata Sunna, na khabari ya ithmid yajulikana katika vitabu vya Hadithi. Hata neno la Kiarabu la tabibu wa macho, kahhal, latokana na kuhl, yaani wanja. Na Ali bin Isa wa Baghdad, aliyewaandikia makahhal kitabu chao mashuhuri yapata miaka 1000 iliyopita, alieleza maradhi ya macho zaidi ya 100, kila moja kwa dalili zake. Hatusemi basi kuwa wanja ni jambo la kijinga. Twasema kuwa unga unaouzwa leo kwa jina hilo, ulipopimwa mara nyingi katika nchi mbali mbali, umekutwa kuwa ni jiwe la risasi. Risasi huingia mwilini, khasa kwa mtoto ajisuguaye macho kisha akatia vidole kinywani, nayo huharibu ubongo wake. Na Shirika la Afya Duniani lasema kuwa hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa hakina madhara. Mama anayempaka mtoto mchanga wanja ili macho yawe makubwa, na aache. Na mtu mzima mwenye macho makavu ajue kuwa unga wo wote ukingoni mwa kope huziba yale yale matundu tuliyoyataja.

Katika maduka ya dawa nako kuna mitego. Zipo dawa za matone za kuondoa wekundu, ambazo hulifanya jicho jeupe kwa saa chache kisha wekundu hurudi mkubwa kuliko wa kwanza. Zipo tena zenye steroidi, kama dexamethasone, na hizi ndizo za khatari zaidi, kwani hutuliza upesi na mtu huzipenda; lakini zikitumiwa kwa muda bila ya daktari hupandisha presha ya macho, huleta mtoto wa jicho, na huupa nguvu ugonjwa wa vijidudu uliokuwamo. Macho yaliyokufa kwa presha hayarudi. Usinunue dawa ya macho kwa kuwa jirani alipona nayo, wala usitumie chupa iliyobaki ya mwaka jana.

Dawa ya duka ifaayo kwa ukavu ni ile iitwayo machozi ya bandia, ambayo hulowesha tu. Atakayehitaji kuitia zaidi ya mara nne kwa siku atafute isiyo na dawa ya kuhifadhi, maana hiyo nayo huchoma ikikithiri. Na chupa itoke kiwandani ikiwa imefungwa, ncha yake isiguse jicho, wala isitumiwe na watu wawili. Mwaka 1444 wa Hijra, sawa na 2023, huko Marekani matone ya namna hii yaliyoingia vijidudu kutoka kiwandani yaliwadhuru watu 81. 14 walipoteza uwezo wa kuona na 4 walifariki. Ikiwa haya yametokea kwa dawa yenye muhuri, tufikiri wenyewe juu ya kikombe cha majani kilicholala dirishani.

Uko ukavu mwingine ambao si wa kukanda kwa kitambaa. Mwaka mmoja chuoni petu palikuwa na mtoto ambaye ikifika magharibi hujikwaa kwenye mikeka na kuwakanyaga wenzake, nao wakimcheka na kumwita kipofu. Mchana alisoma vizuri. Alikuwa ametoka kuugua surua, na nyumbani wakimtilia maji ya majani machoni kila jioni. Tulimwambia mama yake ampeleke hospitali siku ile ile, na huko ikaonekana kuwa mwili wake umekosa vitamini A. Alipewa dawa, na hazikupita wiki nyingi akawa anapita katikati ya wenzake gizani bila ya kumgusa mtu. Lau angaliachwa na majani yake, kioo cha jicho kingaliweza kulainika na kupasuka. Mtoto asiyeona jioni, au mwenye madoa kama povu juu ya weupe wa jicho, asingojwe hata siku moja. Kinga yake imo sokoni: maini, mayai, maziwa, mchicha, matembele, papai, embe, karoti, na viazi vitamu vya rangi ya manjano iliyokolea. Tanzania na Kenya watoto wa miezi 6 mpaka miaka 5 hupewa matone ya vitamini A kila miezi 6. Mzazi asiyakose, wala asiyaongeze kwa kujinunulia, kwani yakizidi nayo ni sumu.

Mtu mzima naye aende kwa daktari wa macho akiona maumivu makali, mwanga unamchoma, uoni umepungua, au matongo ya manjano yanatoka. Aende pia ikiwa kinywa kimekauka pamoja na macho na viungo vyamuuma, maana huo ni ugonjwa wa mwili mzima, ambao Henrik Sjögren wa Sweden aliueleza mwaka 1933. Kisukari, kukoma kwa hedhi, na baadhi ya dawa za mafua na za mzio hukausha macho, basi daktari aambiwe yote.

Limebaki swali ambalo huulizwa kila Ramadhani: je, matone ya macho hufunguza? Baraza la Fiq-hi la Kiislamu la Jeddah liliamua mwaka 1997 kuwa hayafunguzi, maadamu mtu hamezi kwa kusudi kilichomfika kooni. Na Mashafii tangu zamani hawakulihesabu jicho kuwa ni njia ya kuingilia tumboni. Kwa hiyo mwenye presha ya macho asiache dawa yake mchana. Na anayeingiwa na wasiwasi kwa kuonja uchungu kooni, sababu yake ni kijitundu kilicho pembe ya jicho karibu na pua. Uvute ukope wa chini, tia tone moja tu, fumba jicho, na uibonyeze pembe ile kwa kidole muda wa dakika moja au mbili. Dawa itabaki jichoni, na koo halitaonja kitu.