Kufuli Moja tu, Jamani

Umeme ulikatika Nachingwea saa tano asubuhi. Nilikuwa kwenye mashine ya kusaga, nikimsubiri mtu wa habari nyingine kabisa. Mnajua ilivyo umeme ukikatika: redio inanyamaza, watu wanaguna, halafu kila mtu anatafuta la kufanya. Kijana wa mashine naye akapata la kwake. Alifungua mfuniko, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akaanza kukwangua unga ulioganda kwenye nyundo.

Ukutani, mkono wa meni swichi ulikuwa bado juu.

"Kaka, umeme ukirudi?" nikamuuliza.

"Nitausikia."

Atausikia vipi? Mota haipigi hodi. Mashine yenye stata nzuri umeme ukikatika inajiachia yenyewe, na ukirudi haizunguki mpaka mtu abonyeze kitufe cha kijani. Ya kwake stata iliungua, fundi akaunga dairekti. Maana yake umeme ukirudi tu, nyundo zinazunguka hapo hapo.

Na hata stata haitoshi, maana kitufe anaweza kukibonyeza yeyote. Ndiyo maana wenzetu wanafunga kwa kufuli: unashusha swichi, unaipiga kufuli, ufunguo unaingia mfukoni mwako wewe unayetia mkono, na unatundika kibao chenye jina lako. Mkiwa watatu, kufuli tatu. Kisha unasubiri kinachozunguka kisimame, unapima kwa testa kwamba umeme haupo kweli, na unajaribu kuwasha uone kama itagoma. Meni swichi nyingi zina tundu dogo pembeni kwa kazi hiyo. Mimi na digrii yangu miaka yote nilidhani lile tundu ni la watu wa TANESCO kutia lakiri!

Marekani ilipotoa kanuni ya kufuli mwaka 1989, ilikadiria itazuia vifo 120 hivi na majeruhi 50,000 kila mwaka. Mtasema huko ni Marekani. Sawa, lakini sisi tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na inambana mwajiri alinde watu wake. Tuna pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi 2015. Sasa huyu kijana anayelipwa kwa siku, bila karatasi yoyote, akikatika mkono nani atamjazia fomu?

Siku mbili kabla nilikuwa Ruangwa, ambako siku hizi stori ni dhahabu na kinywe, na mitambo inaongezeka. Kwenye kresha moja ya mawe nikaona jambo jingine: jenereta. Umeme wa gridi ukizimika, mtu wa nyuma ya banda anavuta jenereta bila kujua nani yuko ndani ya mtambo. Hapo kufunga swichi ya TANESCO peke yake hakusaidii, kufuli linatakiwa likae kwenye swichi ya mtambo wenyewe. Nilipouliza, nikaonyeshwa kipande cha boksi kimeandikwa USIWASHE kwa makaa. Kilikuwa kimeanguka chini.

Na sisi waandishi tusijitoe. Mtu akinaswa na mashine tunaandika mistari mitatu: jina, umri, "alifariki papo hapo", na kamanda wa polisi amethibitisha. Nimeandika hivyo mimi mwenyewe, zaidi ya mara moja. Sijawahi kumuuliza kamanda nani aliwasha, wala kama swichi ilikuwa na kufuli na ufunguo alikuwa nao nani. Kufuli ya dukani haifiki bei ya kuku, na maswali hayo hayana bei kabisa.

Basi mwenye mashine akafika, mzee mcheshi tu. Nikamwamkia, nikamuuliza kama ana kufuli.

"Ninayo, mwanangu. Ile pale."

Ilikuwa kwenye mlango wa stoo ya mahindi. Kubwa, mpya, inang'aa.

Kijana alikuwa amemaliza, ameenda kunywa chai kwa mama ntilie ng'ambo ya barabara. Saa saba kasoro umeme ukarudi. Mashine ikanguruma yenyewe, mfuniko wazi, unga ukiruka mpaka mlangoni.