Acheni Bamba la Breki Mahali Pake

Ndugu mwandishi wa safu ya magari anatushauri tung'oe lile bamba la bati lililo nyuma ya diski ya breki, eti madereva wa mashindano huling'oa ili diski ipoe. Ni kweli, wapo wanaoling'oa. Lakini wao hukimbia kwenye lami safi, na gari likirudi tu fundi yuko chini yake. Sisi huku Buraza tuna njia za udongo: kiangazi vumbi, masika tope na changarawe.

Bila bamba, changarawe huchuna diski upande wa ndani, asikoona dereva. Tena bati hilo hukinga mipira ya boljointi isiokwe na joto. Ndugu yetu hilo hakuligusa.

Namkubalia moja: bamba likipinda likagusa diski, hulia kama sufuria inayokwanguliwa. Lakini dawa yake ni bisibisi. Lisukume kidogo hadi ipatikane nafasi ya milimita chache, zungusha gurudumu kwa mkono, sikiliza.

Na kama anachohofia ni joto, aitazame Bugarama. Kutoka zaidi ya mita 2,000 unateremka hadi Bujumbura, kama mita 800. Hapo mwokozi ni gia ndogo na mafuta mapya ya breki. DOT 4 mapya hayachemki chini ya nyuzi 230. Yakishanyonya unyevu, hata 155 yanaweza kuchemka. Na wangapi kati yetu huyabadilisha kabla pedali haijazama?